Kutambua Vifuko vya Hewa Vilivyojaa kwenye Eksirei ya Kifua ya Mtu Mzima

Pafu lenye afya huonekana jeusi kwenye eksirei kwa sababu limejaa hewa, na hewa huiachia miale ipite karibu bila kizuizi. Weupe unapojitokeza mahali palipopaswa kuwa peusi, picha inakuambia jambo moja tu: pale pana kitu kinachozuia miale kuliko hewa inavyoizuia. Haikuambii kitu hicho ni nini. Eksirei ya kawaida hutofautisha viwango vitano tu vya kuzuia miale, yaani hewa, mafuta, maji pamoja na nyama laini, mfupa, na metali. Kwa hiyo usaha, damu, majimaji yatokanayo na moyo ulioshindwa kazi, na seli za saratani vyote huangukia kiwango kimoja na hutoa rangi ileile. Msomaji anayeanza kwa kuuliza "huu ni ugonjwa gani?" ameruka hatua. Swali la kwanza ni kama hewa ya mahali pale imechukuliwa nafasi na kitu kingine huku pafu likibaki na ukubwa wake, na jibu la swali hilo hupatikana kwa kutazama mipaka kuliko kwa kuutazama weupe wenyewe.

Maumbile ya pafu ndiyo yanayoeleza karibu dalili zote zitakazofuata. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa milioni mia kadhaa, kila kimoja kikiwa na upana wa takribani milimita 0.2, na baina yao kuna vitundu vidogo vinavyoruhusu hewa, na vilevile majimaji, kupita kutoka kifuko kimoja hadi cha jirani. Kifuko kimoja kilichojaa hakiwezi kuonekana kwa jicho. Kinachoonekana ni kundi la vifuko vingi vilivyojaa kwa pamoja, na kwa kuwa ugonjwa hutambaa kupitia vitundu hivyo bila kufuata mstari wowote, ukingo wa weupe huwa umefifia kama ukingo wa wingu: vifuko vya pembeni vingine vimejaa, vingine nusu, vingine bado vitupu. Mabaka madogo yaliyokaribiana huungana na kuwa baka moja kubwa. Mtambao huo husimama unapofika kwenye ufa unaotenganisha lobu moja, yaani kipande kikubwa cha pafu, na nyingine, kwa sababu pale pana utando usio na vitundu, na ndiyo maana weupe uliofifia pande zote unaweza kuwa na ukingo mmoja ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa rula. Ukiona ukingo wa namna hiyo, umeuona ufa.

Kabla ya kusoma, pima picha yenyewe

Picha mbaya hutengeneza magonjwa yasiyokuwepo. Hakikisha kwanza jina, tarehe na alama ya upande, kisha ujue picha ilipigwaje. Picha iliyo bora hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kifua chake kikigusa kipokezi na miale ikiingia kupitia mgongoni kutoka umbali wa takribani sentimita 180. Mgonjwa aliye mahututi hupigwa akiwa amelala au ameketi kitandani, miale ikiingia kwa mbele kutoka umbali mfupi zaidi. Moyo wake utaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na mishipa ya damu ya sehemu ya juu ya mapafu itaonekana imejaa hata kama hana tatizo lolote la moyo.

Pumzi ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi. Hesabu mbavu za nyuma zinazoonekana juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo: zikiwa tisa au kumi, mgonjwa amevuta pumzi ya kutosha. Zikiwa saba au nane, sehemu za chini za mapafu zimebanwa, mishipa imesongamana, na weupe unaojitokeza pale unaweza kufanana kabisa na nimonia ya pande zote mbili. Nimeona wagonjwa wakiandikiwa dawa za kuua bakteria kwa sababu ya pumzi fupi tu. Angalia pia kama mgonjwa alikuwa amegeuka: ncha za ndani za mitulinga miwili zinapaswa kuwa na umbali sawa kutoka kwenye mstari wa miiba ya pingili za mgongo, kwani mwili uliozunguka hulifanya pafu moja lionekane jeupe kuliko jingine. Mwisho, pingili za mgongo zinapaswa kuonekana kwa mbali nyuma ya kivuli cha moyo. Zisipoonekana kabisa, miale haikupenya vya kutosha, na mapafu yote yatakuwa meupe kuliko kawaida.

Vivuli vya mwili vilivyo nje ya mapafu navyo vinahitaji kuzoewa. Matiti makubwa huweka weupe kwenye sehemu za chini za pande zote mbili, na mgonjwa aliyeondolewa titi moja huwa na pafu moja jeusi zaidi upande ule, jambo linaloweza kumfanya msomaji aliangalie pafu la upande wa pili kama ndilo lenye ugonjwa. Makombe ya mabega, misuli minene ya kifua, chuchu, na hata nywele zilizosukwa zikaanguka juu ya bega huacha alama zao. Njia rahisi ya kuvitambua ni kuufuata mstari wa kivuli hadi mwisho wake. Ukitoka nje ya eneo la pafu, hicho si kivuli cha pafu.

Mpaka uliopotea

Kati ya dalili zote, hii ndiyo ningeichagua kama ningeruhusiwa kubaki na moja. Ukingo wa moyo huonekana kwa sababu moyo, ulio wa kiwango cha maji, umegusana na pafu, lililo la kiwango cha hewa. Sehemu ya pafu inayougusa moyo ikijaa majimaji, vitu viwili vya kiwango kimoja vinagusana na mstari uliokuwa baina yao unatoweka. Weupe ukiwa mbele au nyuma ya moyo bila kuugusa, mstari unabaki. Mtaalamu wa radiolojia wa Marekani, Benjamin Felson, ndiye aliyeieneza dalili hii katikati ya karne ya 20, na thamani yake ni kwamba hukuonyesha ugonjwa ulipo kwa kutumia picha moja tu ya mbele.

Kwa hiyo jizoeze kuifuata mipaka kwa mpangilio uleule kila mara. Ukingo wa kulia wa moyo ukipotea, lobu ya kati ya pafu la kulia ndiyo iliyojaa. Ukingo wa kushoto wa moyo ukipotea, tatizo liko kwenye lingula, kipande cha lobu ya juu ya kushoto kinachoukumbatia moyo. Kiwambo cha kulia kikipotea huku ukingo wa moyo ukibaki bayana, tafuta ugonjwa kwenye lobu ya chini ya kulia. Vivyo hivyo kwa kiwambo cha kushoto na lobu ya chini ya kushoto, ambayo pia huufuta mstari wa aota inayoshuka, aota ikiwa ndiyo mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Upinde wa aota ukififia, ni sehemu ya nyuma ya lobu ya juu ya kushoto. Ukingo wa aota inayopanda, au mstari mwembamba wa kulia kwa trakea (bomba kuu la hewa), ukififia, ni lobu ya juu ya kulia.

Kanuni hii ina mianya yake. Sehemu ya juu ya lobu ya chini haigusi kiwambo, hivyo inaweza kujaa kabisa na kiwambo kikabaki na mstari mzuri. Kwenye picha ya mbele weupe wake huonekana karibu na mzizi wa pafu, pale mirija na mishipa inapoingilia, mahali ambapo msomaji mwenye haraka huuita ugonjwa wa lobu ya kati au ya juu. Mgonjwa ambaye mfupa wa kidari umebonyea ndani huwa na moyo uliosukumwa kushoto, na ukingo wake wa kulia hufifia bila ugonjwa wowote. Mafuta yaliyo pembeni ya moyo hufanya hivyohivyo kwenye kona yake na kiwambo. Na kwenye picha isiyopenya vizuri, kiwambo cha kushoto nyuma ya moyo hakionekani kwa mtu yeyote.

Mirija myeusi ndani ya weupe

Katika pafu la kawaida, mirija ya hewa iliyo mbali na mzizi haionekani, kwa kuwa kuta zake ni nyembamba na pande zote imezungukwa na hewa. Vifuko vinavyoizunguka vikijaa huku yenyewe ikibaki wazi, hujichora kama matawi meusi ndani ya weupe. Hii ndiyo bronkogramu ya hewa. Ukiiona, una hakika ya mambo mawili: weupe huo uko ndani ya pafu, haupo kwenye utando unaolizunguka wala katikati ya kifua, na mrija unaolihudumia eneo hilo kwa kiasi kikubwa haujazibwa.

Usiichukulie kuwa ni sawa na nimonia. Vifuko vilivyojaa kwa sababu yoyote vinaweza kuitoa, zikiwemo saratani na limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) zinazoenea kwa kuzifuata kuta za vifuko bila kuivunja mirija, na pafu lililobanwa na maji kutoka nje linaweza kuitoa pia. Kutokuwepo kwake nako hakuondoi nimonia, kwa sababu mirija yenyewe inaweza kujaa usaha na makohozi.

Kuna weupe unaofanana

Pafu lililosinyaa ndilo linalochanganywa zaidi na pafu lililojaa, na kinachotofautisha ni ukubwa. Pafu lililosinyaa limepoteza nafasi, kwa hiyo huvivuta vilivyo jirani: ufa husogea kutoka mahali pake, kiwambo hupanda, trakea na moyo huvutwa kuelekea upande wenye weupe, mbavu za upande huo hukaribiana. Pafu lililojaa hubaki na ukubwa wake, na kwa nadra huvimba hata kuusukuma ufa ukabenuka, kama inavyoweza kutokea kwa nimonia inayosababishwa na bakteria Klebsiella. Katika maisha halisi mambo haya mawili huja pamoja mara nyingi, kwani mgonjwa mwenye nimonia hupumua kwa kina kifupi na makohozi huziba mirija. Kusinyaa kidogo hakupingani na utambuzi wa nimonia. Lobu nzima iliyosinyaa kwa mtu mzima anayevuta sigara ni jambo jingine, na uvimbe unaoziba mrija utafutwe kwanza.

Maji yaliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua hutoa weupe wa aina moja, usio na mirija myeusi ndani yake, unaopanda kwa mkunjo kando ya mbavu. Mgonjwa akiwa amesimama, panahitajika takribani mililita 200 kabla kona ya nje ya kiwambo na mbavu haijajaa kwenye picha ya mbele. Akiwa amelala, maji yaleyale hutandaa mgongoni na kulifunika pafu lote kwa utaji mwembamba ambao mishipa ya damu bado huonekana kupitia humo. Utaji huo mara nyingi husomwa kama nimonia. Ultrasaundi iliyofanywa kando ya kitanda hulitatua suala hilo kwa dakika chache.

Ugonjwa wa nyama iliyo baina ya vifuko una sura nyingine: mistari, nyavu na vidoa vidogo vyenye kingo bayana, ambavyo haviungani kuwa wingu. Uvimbe nao huwa na mviringo na ukingo unaoweza kuufuata kwa kalamu. Hata hivyo mipaka baina ya makundi haya si ya chuma. Mgonjwa mwenye mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa sigara akipata nimonia, vifuko vilivyopasuka haviwezi kujaa sawasawa, na picha inakuwa kama sifongo yenye matundu yanayofanana na mapango ya kifua kikuu.

Mtawanyiko na muda

Ukisharidhika kwamba vifuko vimejaa, ndipo swali la ugonjwa linapopata nafasi yake, na hapo rangi haitakusaidia tena. Tazama weupe umetawanyikaje, na uliza umekuwepo kwa muda gani.

Weupe wa lobu moja, pamoja na homa na kikohozi cha siku chache, ni nimonia ya bakteria hadi ithibitike vingine. Weupe uliozunguka mizizi ya mapafu yote mawili kama mabawa ya popo, huku pembezoni pakibaki peusi, huelekeza kwenye maji yatokanayo na moyo, hasa ukiambatana na moyo uliozidi nusu ya upana wa kifua kwenye picha ya kusimama, maji kwenye nyufa, na vile vistari vifupi vya Kerley, vyenye urefu wa sentimita moja hadi mbili, vilivyolala mlalo na kuukuta utando wa pafu kwa pembe mraba sehemu za chini pembeni. Weupe wa mapafu yote mawili kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali ya damu au aliyeumia vibaya, uliotokea ndani ya wiki moja tangu tukio hilo, moyo ukiwa na ukubwa wa kawaida, hufikirisha kuvuja kwa mishipa ya mapafu yenyewe.

Mtu aliyevuta matapishi au chakula hujaza sehemu zilizokuwa chini wakati ule: akiwa amelala chali, ni sehemu ya nyuma ya lobu ya juu na sehemu ya juu ya lobu ya chini; akiwa ameketi, ni chini kabisa, mara nyingi kulia kwa kuwa mrija mkuu wa kulia umenyooka zaidi. Kifua kikuu kinachoamka tena kwa mtu mzima hupenda sehemu za juu na za nyuma za lobu za juu, pamoja na sehemu ya juu ya lobu ya chini, na pango ndani ya weupe wa eneo hilo linatosha kumtenga mgonjwa na kuchukua makohozi kabla ya kusubiri jambo jingine lolote. Kwa mtu mwenye maambukizi ya VVU mwenye kinga iliyoshuka sana, mpangilio huo huvurugika. Kifua kikuu kinaweza kuwa sehemu za chini bila pango, na nimonia ya kuvu aitwaye Pneumocystis inaweza kuanza na picha inayoonekana ya kawaida kabisa ilhali mgonjwa anahema.

Muda husema yale ambayo rangi imeyaficha. Maji ya moyo yanaweza kupungua kwa kiasi kinachoonekana ndani ya saa chache za matibabu. Damu ndani ya vifuko huchukua siku kadhaa. Na kumbuka kwamba mgonjwa anaweza kuvuja damu nyingi ndani ya mapafu bila kukohoa hata tone, huku wingi wa damu mwilini ukishuka. Pafu lililopondwa kwa ajali huonyesha weupe ndani ya saa 6 hivi, bila kuheshimu nyufa, na huanza kufifia baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo weupe mpya unaoanza siku ya pili au ya tatu unahitaji maelezo mengine, kama vile nimonia au kuvuta matapishi. Nimonia huchukua wiki, na picha huchelewa nyuma ya mgonjwa: homa imeshuka, anakula, anatembea, lakini weupe bado upo. Usibadilishe dawa kwa sababu ya picha peke yake.

Mahali ambapo macho hayafiki

Ukimaliza kusoma, rudi kwenye maeneo manne ambako ugonjwa hujificha: nyuma ya moyo, nyuma ya mitulinga kwenye vilele vya mapafu, kwenye mizizi, na chini ya mstari wa kiwambo, kwani pafu hushuka kwa nyuma kupita kilele cha kiwambo unachokiona. Nyuma ya moyo ndiko nilikokosea mimi katika mwaka wangu wa kwanza. Mgonjwa alikuwa na homa na maumivu ya ubavu wa kushoto, nami nikaandika kwamba mapafu ni safi. Aliyenifuata zamu aliniwekea kidole mahali ambapo mstari wa kiwambo cha kushoto ulipaswa kuendelea nyuma ya moyo hadi kwenye mgongo, na haukuwepo. Tangu hapo huutafuta mstari huo kabla ya kutazama kitu kingine.

Picha ya ubavu, pale inapopatikana, hufichua sehemu hizo. Ukishuka na pingili za mgongo kutoka juu kwenda chini, kila pingili inapaswa kuwa nyeusi kidogo kuliko iliyo juu yake, kwa sababu nyama ya mabega inapungua na hewa inaongezeka. Pingili za chini zikianza kuwa nyeupe tena, lobu mojawapo ya chini imejaa. Kiwambo cha kulia huonekana chote kutoka mbele hadi nyuma. Cha kushoto hupotea kwa mbele pale moyo unapokikalia, na huko si kupotea kwa ugonjwa.

Kuandika ulichokiona

Eleza kwanza, kisha ndipo utoe maoni. Kwa mfano: "Kuna weupe wenye kingo zilizofifia sehemu ya chini ya pafu la kulia, wenye bronkogramu za hewa. Kiwambo cha kulia kimefutika, ukingo wa kulia wa moyo uko bayana. Trakea iko katikati na ufa mlalo uko mahali pake. Kona ya nje ya kiwambo iko wazi. Picha inaafikiana na vifuko vya hewa vilivyojaa katika lobu ya chini ya kulia. Kwa mgonjwa mwenye homa, nimonia ndiyo inayoelekea zaidi." Anayeisoma ripoti hiyo anaweza kukubaliana na maelezo akakataa maoni, na ana haki hiyo, kwa sababu yeye ndiye aliyemgusa mgonjwa. Neno "nimonia" likiandikwa peke yake halimwachii nafasi hiyo.

Omba picha za zamani kila zinapokuwepo. Weupe uliokuwepo vilevile miaka miwili iliyopita huenda ni kovu. Weupe uliokuwepo miezi miwili iliyopita, ukatibiwa kama nimonia na haukuondoka, ni jambo zito zaidi. Kwa mvutaji sigara, kwa aliyepita umri wa miaka 50, na kwa yeyote ambaye dalili zake hazijaisha, picha irudiwe baada ya takribani wiki 6. Ikiwa weupe bado upo mahali palepale, orodha inabadilika: kifua kikuu, uvimbe unaoziba mrija, saratani inayokua kwa kutandaa kwenye vifuko, limfoma, au nimonia isiyotokana na vimelea. Hatua inayofuata hapo ni kipimo cha CT, na mara nyingi kipande cha nyama ya pafu kwa ajili ya uchunguzi wa maabara, kwani kuitazama eksirei ileile mara ya tatu hakutaongeza chochote.